Mkeka Uliotekwa Wodini

Kama unasoma haya ukiwa nje ya chumba cha picha za mifupa, na mgongo unakuchoma kama kuna mtu ndani anageuza kisu polepole, sogea mpaka mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Mabenchi ya hospitali hayana pa kuegemea, na wenye migongo mizima hawajawahi kuliona jambo hilo. Ukifika mapema, ukuta ni wako. Mimi nilichelewa kujua, ndiyo maana naanza nalo.

Ugonjwa wangu ulikuwa kifua kikuu cha mgongo. Nilipoambiwa jina hilo nilidhani wamechanganya mafaili, kwa sababu sikukohoa hata siku moja. Mambo ya vijidudu na namna vinavyofika mfupani utaelezwa na wanaojua. Mimi nitakueleza jinsi mtu anavyoishi humo ndani, na jinsi nyumba yake inavyoishi, maana mgongo ulikuwa wangu lakini ulitaka kumvunja binti yangu.

Mimi ni mtu wa njia. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilimaliza sekondari huko, vita vikanivusha maji nikiwa na mimba, na tangu siku ile sikukaa mpaka mgongo uliponikalisha. Kashikishi, Kabuta, Mununga, Chienge, mpaka Pweto wakati mpaka umetulia: nilinunua samaki hapa, nikauza pale, nikarudi na vitenge, nikaondoka tena. Nikilala sana kwenye nyumba moja naanza kugombana na masufuria. Mauwa, binti yangu wa pekee, alikulia juu ya magunia ya samaki, kitabu mkononi, lori likiruka mashimo. Baba yake alibaki ng'ambo na hatukupata habari zake tena.

Mauwa amesoma hapa Zambia, kwa Kiingereza. Alifaulu vizuri isipokuwa fizikia. Aliomba chuo cha udaktari Lusaka, hawakumchukua. Alilia, akanawa uso, akarudia mtihani wa fizikia. Matokeo mapya yalipotoka mazuri, ilibaki aamue kama ataomba tena, na wapi. Hapo ndipo mgongo wangu ulipoingia kati.

Ulianza msimu wa baridi, upepo wa ziwa ukipiga. Sisi wachuuzi wa samaki tuna jina letu la maumivu ya mgongo: tunayaita magunia. "Niko na magunia leo," mtu anasema, na mwenzake anampakulia chai bila kuuliza zaidi, kwa sababu kila mmoja wetu anayo. Basi na mimi nilikuwa na magunia. Nilijifunga kitenge kwa nguvu kiunoni. Nilipakwa dawa ya kuchoma. Mama mmoja wa Chienge alinichanja kwa wembe na kusugua unga mweusi kwenye chale. Nilikonda, wenzangu wakasema ni njia. Nilitoka jasho usiku kwenye baridi, nikasema ni blanketi. Kama una kazi ya mzigo na mgongo wako umeshapewa jina la kazi hiyo, sikiliza hapa: jina hilo ndilo lililonichelewesha. Hakuna anayekwenda hospitali kwa sababu ya magunia.

Joto lilipofika, kabla ya mvua, nilikuwa Mununga. Nilitaka kushuka kwenye lori. Nikauambia mguu ushuke, ukakataa. Nikaanguka kama mzigo, na wanawake wenzangu wakacheka, walidhani usingizi. Kisha waliona siinuki, wakaja kuninyanyua. Nilirudishwa nyumbani Kashikishi juu ya samaki wangu mwenyewe, nimelala chali, naangalia mawingu.

Mauwa alinigeuza kitandani, akapitisha mkono mgongoni, mkono ukasimama.

"Mama, hii mufupa inatoka inje tangu siku gani?"

"Ni magunia."

"Magunia haitokake inje," alisema. Alishaanza kutafuta viatu vyake.

Hospitalini tulingojea picha, tukangojea wa kuisoma, tukangojea kitanda. Kungojea kwa mgonjwa ni kazi yenye jasho, hakuna aliyenionya. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye macho yaliyochoka. Alishika picha kwenye mwanga wa dirisha na kutuonyesha mahali ambapo mifupa miwili ilikuwa imekaa vibaya kama meno yaliyooza. Alisema dawa zipo, ni za muda mrefu, na mfupa utapona. Miguu, alisema, tutaona.

"Tutaona" ni neno gumu kwa mtu wa njia.

Wodini kila mgonjwa ana bedsaida wake, ndugu anayelala sakafuni pembeni ya kitanda, anayepika nje kwenye majiko, anayefua, anayeogesha. Bila bedsaida wewe ni mzigo uliosahaulika stendi. Wangu alikuwa Mauwa. Alitandika mkeka chini ya kitanda changu, mkeka wa matete wenye mstari mwekundu aliokuwa akisomea nyumbani, na akahamia hapo na beseni, sufuria, na begi la vitabu ambalo hakulifungua.

Nitasema wazi yale ambayo mimi sikuambiwa. Mkojo unakuwa wa rangi ya machungwa kwa sababu ya vidonge, usiogope. Kisha kwangu mkojo ulianza kutoka bila ruhusa, hapo niliogopa. Waliniwekea mpira wa mkojo. Kuanzia kitovuni kwenda chini nilikuwa naguswa kama kupitia blanketi zito. Ilibidi nipinduliwe mara kwa mara, upande huu, upande ule, kusudi ngozi isioze, na anayenipindua ni mtoto niliyembeba kwa mgongo huohuo. Alinisafisha bila kukunja uso. Mimi nilikunja uso kwa niaba yake. Kuna siku nilimfokea kwa sababu maji yalikuwa ya baridi, na hayakuwa ya baridi. Aliyapasha tena.

Jambo dogo lililoniokoa wiki zile ni kwamba kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha, na kwenye siku isiyo na ukungu niliona kipande cha ziwa, na nyuma yake mstari wa milima ya upande wetu. Niliangalia mstari ule kutwa nzima.

Kaka yangu mdogo, Kunda, anakaa Lubumbashi. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili baada ya misa, na simu ilikuwa inalazwa kwenye mto karibu na sikio langu, sauti wazi, wodi nzima inasikia.

"Yaya, mulete mutoto huku," alisema; kwetu yaya ni dada mkubwa. "Mi niko najua mutu ku faculté ya badaktari. Anafanya mwaka moja ya Kifaransa, njo anaingia. Atalala kwangu. Dossier ya maombi mi mwenyewe nitapeleka."

Lubumbashi! Nikiwa msichana nilikuwa napelekwa kwa shangazi likizo, na mpaka leo nikifumba macho nasikia harufu ya mkate wa asubuhi ukipita mtaani juu ya vichwa vya wanawake. Nilimwona Mauwa akipita katika barabara zile na koti jeupe. Nilianza kumwelekeza aulize nyumba gani, ageuke wapi.

Mauwa alikuwa anakamua kitambaa juu ya beseni. Alikikamua mpaka hakikuwa na tone.

"Lubumbashi ni ya kwako, mama," alisema. "Haiko ya kwangu."

"Basi Lusaka. Omba tena Lusaka."

"Lusaka balishanikatala."

"Basi wapi?"

"Hapana fasi." Alimwaga maji. "Nani atakupindua? Mi siombi. Usiniulize tena."

Kunda alikuwa bado hewani. "Allô? Yaya? Nani anagombana?" Mgonjwa wa kitanda cha pili akamjibu kwa niaba yetu, "Bote babili, ba tata. Kata simu, unamaliza unités za simu."

Lakini nilijua ipo sehemu nyingine. Mauwa aliitaja mara moja tu, siku za kwanza, akiniogesha, kama mtu anayejisemea. Chuo kimoja cha Copperbelt hakichagui kwa karatasi peke yake. Kinawaita waombaji waje Ndola, wafanye mtihani wa kuingia, wakae mbele ya walimu na kuulizwa. "Lusaka baliona karatasi," alisema siku ile, akisugua kisigino changu. "Hawa banataka kuona mutu." Kisha akabadilisha habari. Siku ya mtihani huo ilikuwa mwishoni mwa Februari. Na daktari alikuwa amesema mwishoni mwa Februari ataipima miguu, na kama bado imekufa, nitapelekwa Lusaka nikapasuliwe mgongo.

Kwa hiyo wiki ileile. Yeye akiwa Ndola, nani atapanda na mimi gari la wagonjwa? Hatukulizungumza. Lilikaa kati yetu kitandani kama mgonjwa wa tatu.

Mvua zilikwisha kuanza vizuri. Desemba serikali hufunga ziwa ili samaki wazaliane, na mpaka mwishoni mwa Februari nyavu zinakaa nchi kavu. Kashikishi inanyamaza. Ni katika ukimya huo Bana Mwila alikuja.

Bana Mwila, yaani mama yake Mwila, ni Mzambia wa Kabuta, mchuuzi wa chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani. Tulianza kufahamiana sokoni zamani, siku aliponiuliza ukoo wangu. Nilipomwambia ni wa Mbuzi alipiga kigelegele, akachota samaki kwenye beseni langu viganja viwili, akaondoka. Yeye ni wa ukoo wa Chui. Chui na Mbuzi ni watani, upande wao na upande wetu, tangu kabla ya mpaka. Mtani wako atakutukana kwenye msiba wa mama yako na utamshukuru. Atachukua kitu chako mbele ya macho yako, na hutakirudisha kwa nguvu wala kwa hasira; utakikomboa kwa anachotaka yeye, au utakiacha.

Alisimama mlangoni mwa wodi, mwavuli umevunjika, sauti inafika mpaka jikoni.

"Iko wapi mbuzi yangu? Nimesikia banaifungia humu, inakonda!"

Sista aliinuka kumtuliza. Bana Mwila akampita, akafika kitandani, akanishika mkono, akauinua kwa vidole viwili kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Mwebantu! Jamani, angalieni! Imebaki mifupa. Sasa mi nitakula nini Krismasi?"

"Kula viatu vyako," nilimjibu. Hiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ya kucheka tangu Mununga. Kucheka kuliniuma mpaka machozi.

"Kumbe inaongea! Sista, hii mbuzi inaongea. Muiongezee dozi."

Sista alielewa, akauliza, "Ni watani?" akarudi kukaa, akicheka na yeye. Bana Mwila alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho hakiruhusiwi, na ikawa hivyo kila siku. Ziwa limefungwa, alisema, hana kazi, amekuja kulinda nyama yake.

Watu wanaokupenda wanaingia wodini kwa kunyata. Wanasema "utapona tu" na macho yao yanaangalia blanketi pale miguu ilipo. Kama una mtani, mwite. Ni yeye peke yake aliyeniuliza mbele ya wote, "Hii miguu imekufa kabisa ama inajifanya?" na mimi nikaweza kusema kwa mdomo wangu kwamba sijui, na kwamba naogopa.

Jumapili moja Kunda alipiga tena. Aliuliza kama dossier iko tayari. Nilianza kumjibu kuwa mtoto bado anafikiri, kwamba Lubumbashi ni mji mzuri, kwamba mimi mwenyewe nikipata nafuu nitamsindikiza, nitamwonyesha njia. Bana Mwila alikuwa anachambua mboga. Aliweka bakuli chini.

"Ba Kunda, sikia mi nikuambie," alisema kwenye simu. "Huyu mbuzi hataki kusomesha mutoto. Anataka kumutuma Lubumbashi akamuletee ujana wake alisahau huko."

Wodi ilipasuka kwa kicheko. Hata mama mzee wa kona, ambaye hakuwa amesema neno tangu aletwe, alicheka. Nikamsikia Kunda naye anacheka, mbali, Lubumbashi.

Mimi nilicheka mwisho. Nilimwangalia Mauwa. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono imeshika chuma, na hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyesikia mlango unafunguliwa upande asioutegemea.

"Ni kweli?" aliniuliza.

"Mutani hasemake bongo, hasemake uwongo," nilisema. "Lubumbashi ni ya kwangu. Wacha ikae."

Lile swali la wapi lilipata jibu siku ile: Ndola. Lakini bado hatukuwa tumejibu kama atakwenda. Mauwa alituma maombi ya Ndola kwa simu yake, kusudi nisimsumbue. Walipomjibu kwamba aje, alinisomea, akaizima simu, akasema, "Ni kuona tu kama bangeniita. Siendi." Nilimwomba. Nilimwamuru. Nilikaa siku nzima bila kula, akanilisha kwa kijiko kama mtoto, mpaka nikaona aibu nikameza. Angefanya nini? Kila alipoondoka kidogo tu kwenda kupika, nilikuwa nahesabu hatua zake zikirudi. Nilimwambia nenda kwa mdomo, na mwili wangu wote uliosalia hai ulikuwa unamwambia baki. Alikuwa anausikia mwili.

Katikati ya Februari, asubuhi, mvua kubwa ikipiga mabati, Bana Mwila aliingia amelowa. Hakusalimia. Aliinama, akavuta mkeka wa Mauwa kutoka chini ya kitanda changu, akautikisa, akaukunja.

"Bana Mwila, mi niko nalalia hii," Mauwa alisema.

"Ulikuwa unalalia. Mali ya mbuzi ni mali ya chui." Akachukua na beseni, akageuza begi la vitabu na kulisukuma kwenye mikono ya Mauwa. "Hii sikulake. Beba."

"Nipe mukeka yangu."

"Sikupi."

"Unataka nini? Nitakomboa na nini?"

"Weye hutakomboa." Alininyooshea kidole, na sauti yake haikuwa na mchezo, au ilikuwa na mchezo wa aina ambayo sikuwahi kuisikia. "Ni hii mbuzi itakomboa. Itakuja kuchukua mukeka kwangu Kabuta, na miguu yake. Si na baiskeli, si na lori. Na miguu yake. Mpaka siku ile, mukeka ni yangu."

Wodi haikucheka. Hakuna mtu katika miezi ile, si daktari, si kaka yangu, si mimi, aliyethubutu kusema sentensi yenye miguu yangu ikitembea.

Mauwa alianza kulia kwa hasira. Alimtazama sista. Sista alikuwa anaandika, hakuinua kichwa, akasema tu, "Bedsaida bila mkeka halali kwangu. Sakafu ni ya baridi." Bana Mwila akatandika kitenge chake mwenyewe pale mkeka ulipokuwa, akakaa juu yake, akavua viatu.

"Nenda kasome," alimwambia. "Unanuka mugonjwa."

Mauwa alilikumbatia begi. Angeweza kukataa, lakini kumkasirikia mtani ni kuvunja kitu kilichotulinda sisi sote wanawake wa njia. Alinibusu kipajini, haraka, akatoka kwenye mvua na begi kifuani. Niliyasikiliza mabati. Sikuzisikia hatua zake zikirudi.

Tangu siku ile alikuja mchana na uji, akanipindua mara moja, akarudi nyumbani kusoma. Bana Mwila alinipindua mara nyingine zote, akilalamika uzito wa mifupa. Mkono wake ulikuwa mgumu kuliko wa Mauwa. Usiku alikoroma.

Mauwa alipanda basi la kwenda Ndola siku ambazo ziwa lilikuwa linakaribia kufunguliwa. Alikuja kuniaga na nguo ya kanisani. "Kama banakupeleka Lusaka, nitatoka mutihani," alisema. Bana Mwila akadaka, "Hatupigi simu mpaka utoke. Nani atakupigia? Simu ya mbuzi iko kwangu." Na kweli aliichukua, akaiweka kwenye sidiria.

Asubuhi ya kufunguliwa kwa ziwa nilisikia mitumbwi. Usiku mzima walikuwa wamevua kwa taa, na kulipokucha injini zilikuwa zinarudi, moja baada ya nyingine, na kelele za wanawake ufukweni zikapanda mpaka dirishani. Chisense wa kwanza baada ya ziwa kufungwa ndio mapato ya mwaka. Anayewapata wale anajenga. Anayewakosa ananunua kwa waliojenga. Wodi ilibaki na bedsaida wachache, wengine wote walikimbilia majini. Bana Mwila alikuwa amekaa kwenye kitenge chake, mgongo kwenye ukuta, macho yamefumba. Kila injini iliyopita, kidole chake kiligonga goti.

"Nenda," nilimwambia. "Daktari anakuja saa yoyote. Nitakuwa na sista."

"Nyamaza. Nikikosa samaki nitakula nyama."

Daktari alikuja na wenzake wawili. Alifunua blanketi. Alipitisha kitu chenye ncha chini ya nyayo, akauliza nasikia nini. Nilisema nasikia mbali. Aliweka kiganja kwenye unyayo wa kushoto. "Sukuma mkono wangu." Nilisukuma kwa roho yangu yote, jasho likanitoka, na hakuna kilichotokea. Mmoja wa wenzake aliandika. Nikaanza kufikiria gari la wagonjwa, na Mauwa akiwa ameinama kwenye karatasi yake, na kama angekuwa anahisi.

Akahamia kulia. "Sukuma."

Nilifumba macho. Nilifikiria ngazi ya lori kule Mununga. Nilifikiria kushuka.

"Tena," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Bana Mwila alikuwa amesimama sasa, akichungulia juu ya bega la daktari. Niliona uso wake kabla ya kuelewa mguu wangu.

"Mbuzi imepiga teke!" alipaza sauti. "Imemupiga munganga teke! Ba sista, kuja uone, mbuzi imepiga teke!"

Daktari alicheka, akashika ukingo wa kitanda. Alisema hawatanipeleka, watangoja. Mguu mmoja ukiamka, alisema, mara nyingi unamwamsha mwenzake.

Mchana Mauwa alipiga. Simu ilitoka kwenye sidiria ikiwa ya moto. Bana Mwila hakusema halo. Alisema maneno matatu tu, mbuzi imepiga teke, akaniwekea simu sikioni. Nilisikia magari ya Ndola na pumzi yake. Nilidhani analia.

"Mguu gani?" Mauwa aliuliza. "Wa kuume? Kidole, ama kisigino? Ulisikia joto?"

Nilimjibu yote. Nilisahau kumuuliza mtihani.

Mguu wa kushoto uliamka polepole, kwa mchomo kama siafu. Walinivalisha koti gumu la kushika mgongo, ambalo wakati wa joto ni jiko, na walinifundisha kutembea na chuma cha miguu minne. Nilirudi nyumbani mvua zilipokatika. Vidonge niliendelea kumeza mpaka baridi ya mwaka huohuo ikapita. Usiruke hata siku moja, hata ukijiona mzima. Ni mimi ninayekuambia, niliyejiona mzima mara nyingi. Nimekuwa mfupi. Mgongo wangu una kona, na gauni zangu zote zinapanda nyuma. Sibebi gunia tena. Nina meza sokoni Kashikishi, nauza samaki wa watu wengine, na malori yakiondoka kwenda Mununga nageuza uso.

Ndola walimchukua Mauwa, lakini si moja kwa moja udaktari. Ni mwaka wa sayansi kwanza, halafu watawachuja tena. Huenda akapita, huenda asipite. Kunda bado anasema Lubumbashi ipo. Mauwa anamjibu kwa Kiingereza, kumchokoza.

Nilipomeza kidonge cha mwisho nilikwenda kuukomboa mkeka. Njia ya Kabuta ni ndefu kwa mgongo wangu, kwa hiyo nilipanda basi dogo, nikashuka kabla ya kijiji, mahali ambapo vichaka vinaficha barabara, nikamalizia kwa miguu, fimbo mkononi, vumbi nimejipaka kwenye ndala kusudi ionekane.

Bana Mwila alikuwa ufukweni, ameinama juu ya samaki. Alinitazama nikija mpaka nilipofika. Aliangalia miguu yangu, mmoja, kisha mwingine. Kisha akanusa hewa.

"Umekuja na gari."

"Nimekuja na miguu."

"Miguu ya Toyota. Unanuka petroli. Sikupi mukeka. Rudi siku utatembea njia yote."

Nikauona. Ulikuwa umetandikwa mchangani pamoja na mikeka mingine, mstari wake mwekundu umefifia kwa jua, umejaa chisense kutoka pembe mpaka pembe, wanameta kama vipande vya kioo. Hata ungeufua mara ngapi, harufu ile haitoki tena.

Ningeweza kubishana. Nilikaa kwenye mchanga karibu yake, mgongo kwenye mtumbwi uliopinduliwa, na tukaanza kuwageuza samaki, yeye upande wake, mimi upande wangu. Ng'ambo milima ilikuwa inaonekana vizuri.

Sijarudi tena kuuchukua. Mauwa akija likizo ananiuliza atalala wapi, maana nyumba ni ndogo. Namwambia utalala kitandani, mimi na wewe, kama watu. Mkeka wako uko Kabuta, una samaki.